Ulanga, kinywe na nyuzi zinazojisuka

Ulanga hubanduka. Ukishika kipande chake na kupenyeza ukucha ukingoni, unatoka utando mwembamba unaopitisha nuru. Chini yake kuna mwingine, na chini ya huo mwingine tena, hadi uchoke wewe. Enzi za Wajerumani madini haya yalichimbwa kwenye milima ya Uluguru. Kusini zaidi, katika mkoa huo huo wa Morogoro, kwenye vilima vya Mahenge, kuna jiwe jeusi lenye tabia inayofanana na hiyo: kinywe, madini yanayotiwa ndani ya penseli, nayo ni matabaka juu ya matabaka. Wilaya yenye Mahenge inaitwa Ulanga, ingawa siku hizi ikitajwa kwenye habari za madini huwa ni kwa ajili ya kinywe, kinachotafutwa kwa betri.

Mawe haya mawili yamebeba sehemu kubwa ya elimu tuliyonayo kuhusu jambo ambalo kwa mara ya kwanza huonekana kuwa mbali kabisa na mawe: namna protini zinavyojipanga zenyewe kuwa nyuzi, bila mkono wa mtu kuzigusa, na namna nyuzi hizo zinavyoweza kutumiwa kutengeneza vitu vyenye vipimo vya nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Katika maabara nyingi duniani tone la maji yenye protini hudondoshwa juu ya ulanga au kinywe, kisha mtafiti hukaa kuangalia kitakachotokea.

Sababu ya kuyachagua mawe hayo ilikuwa ya vitendo. Mkanda wa gundi ukibandikwa juu ya jiwe na kuvutwa, unabaki uso mpya, safi, ambao kwa eneo kubwa hauna kilima hata cha atomu moja. Juu ya uso kama huo uzi wenye unene wa nanomita 5 huonekana kama bomba la maji lililolazwa katikati ya uwanja wa mpira. Hapo mwanzo, basi, jiwe lilikuwa meza tu ya kuwekea kitu kinachochunguzwa. Kadiri vipimo vilivyoboreka ndivyo ilivyobainika kwamba meza inashiriki kazi. Huamua nyuzi zielekee wapi, zianze lini, na wakati mwingine ziwe nyuzi au zibaki madonge. Naamini huo ndio ugunduzi mzito kuliko wote katika uwanja huu, na kwamba ahadi kadhaa zilizotolewa kwa jina la nyuzi za protini zimechelewa kutimia kwa sababu uso haukupewa hadhi yake.

Kwamba protini hujiunga zenyewe kunajulikana tangu zamani. Mwaka 1955 huko Berkeley, California, Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams walivitenganisha virusi vya mozaiki ya tumbaku, protini upande mmoja na RNA upande mwingine, kisha wakavichanganya tena. Vikarudi kuwa virusi kamili, vyenye uwezo wa kuambukiza jani. Kila kirusi hicho ni kijiti chenye urefu wa nanomita 300 na unene wa 18, kilichojengwa kwa nakala 2,130 za protini moja ile ile, na katika chupa ile hapakuwa na fundi wa kuzipanga. Miaka michache baadaye, Fumio Oosawa na wenzake wa Nagoya, Japani, walichunguza aktini, protini ya misuli, wakaeleza kanuni ambayo bado tunaitumia: wingi wa protini ndani ya maji usipofika kiwango fulani, uzi hautokei, ukikipita, kile kinachozidi hugeuka uzi, kama mvuke unavyogeuka umande usiku ukipoa.

Mwili wetu umejaa nyuzi za aina hii. Aktini yenyewe ina unene wa nanomita 7. Mirija midogo ambayo mizigo husafirishwa juu yake ndani ya seli ina nanomita 25. Kolajeni ya ngozi na mifupa hujipanga kwa michirizi inayojirudia kila baada ya nanomita 67. Zipo pia nyuzi za amiloidi, zinazofahamika zaidi kwa ubaya kwa kuwa hujilundika kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ambazo molekuli zake hupandana kama sahani zilizotenganishwa kwa nanomita 0.47. Kinachozishika zote ni viungo dhaifu: chaji chanya ikiegemea chaji hasi, sehemu zisizopenda maji zikijificha pamoja, hidrojeni ikishikilia jirani yake. Udhaifu huo una faida. Molekuli iliyokaa vibaya inaweza kung'oka na kujaribu tena, na bila nafasi hiyo ya kujirekebisha hakuna mpangilio unaodumu.

Ndani ya maji matupu, hata hivyo, nyuzi hazina mwelekeo. Kila mmoja huota upande wake, na mwisho wa yote ni fundo. Mhandisi anayetaka nyaya sambamba, au safu za vimeng'enya zenye nafasi sawa, hawezi kulitumia fundo hilo. Hapo ndipo uso unapoingia.

Mwaka 1999, huko St. Louis, Marekani, Tomasz Kowalewski na David Holtzman walichukua protini ya amiloidi inayohusishwa na Alzheimer wakaiweka juu ya ulanga, na nyingine ya chupa hiyo hiyo juu ya kinywe. Juu ya ulanga walipata vidonge vidogo vilivyotapakaa. Juu ya kinywe walipata mistari mirefu, iliyonyooka, ikielekea pande tatu zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 120, yaani pande zile zile ambazo atomu za kaboni za kinywe zimejipanga. Protini ni moja, maji ni yale yale, na hadubini haikubadilishwa. Jiwe tu ndilo lililotofautiana. Ulanga una chaji hasi na unapenda maji, kinywe hakina chaji na kinayakwepa. Tofauti hiyo ilitosha kuigeuza protini tabia. Ukifikiri kwamba ndani ya kichwa cha mtu protini hiyo hukutana na tando za seli zenye chaji za kila aina, utaona kwa nini jaribio hilo liliwagusa hata madaktari wasiojali chochote kuhusu nanoteknolojia.

Jaribio la St. Louis lilionyesha kwamba uso huongoza. Halikuonyesha jinsi ya kuuongoza uso. Kwa hilo ilibidi kusubiri hadi mafundi wa protini walipoweza kuchora protini ambayo haijawahi kuwapo katika kiumbe chochote na kuifanya ikunjike kama ilivyochorwa. David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ndiye aliyeipeleka sanaa hiyo mbele kuliko wengine, na nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2024 ilikuwa yake. Mwaka 2019 kundi lake, Harley Pyles akiwa mstari wa mbele, likishirikiana na Shuai Zhang na Jim De Yoreo wa maabara ya taifa iliyoko Richland katika jimbo hilo hilo, lilichapisha kazi ambayo kwangu ndiyo kitovu cha suala lote. Inastahili kuelezwa polepole.

Kabla ulanga haujabanduliwa, kati ya tabaka na tabaka huwa kuna ioni za potasiamu zinazoyashikanisha. Uso mpya una vishimo vilivyopangwa kama macho ya kimia cha mvuvi, kila jicho likiwa umbali wa nanomita 0.52 kutoka kwa jirani yake, na katika macho hayo ioni za potasiamu hupenda kukaa. Watafiti walichukua mfano kutoka kwa samaki wa bahari za baridi kali. Samaki hao wana protini inayoshika chembe za barafu kwa sababu mpangilio wa asidi zake amino unalingana na mpangilio wa barafu yenyewe. Basi wakachora protini iliyonyooka, yenye pingili kama muwa, kila pingili sawa na mwenzake, na upande mmoja wa muwa huo wakaupamba kwa vikundi vya kaboksili vyenye chaji hasi, hadi 54 kwa molekuli moja, vikiwa vimepangwa kulingana na macho ya kimia cha ulanga. Protini ina chaji hasi, ulanga una chaji hasi. Kwa kawaida vingesukumana. Katikati yake zinakaa ioni za potasiamu zenye chaji chanya, zikivishikilia vyote viwili.

Ilifanya kazi. Potasiamu ikiwa chache ndani ya maji, kila molekuli ilitua peke yake, lakini ilitua ikielekea pande zile zilizochorwa. Chumvi ya potasiamu ilipoongezwa sana, molekuli zilisongamana juu ya jiwe na jambo jingine likatokea: zikalala zote upande mmoja, sambamba, na mpangilio huo ukaenea kwa makumi ya milimita. Soma tena kipimo hicho. Molekuli ambayo urefu wake hauzidi makumi machache ya nanomita ilipanga safu ambayo mtu angeweza kuiwekea rula ya shule.

Sehemu ya maelezo yake ilikuwa imeandikwa mwaka 1949 na Lars Onsager, bila kuwa na ulanga mawazoni. Vijiti vingi vikisongamana, kulala sambamba kunavipa nafasi kubwa zaidi ya kujongea kuliko kukaa shaghalabaghala. Tikisa kisanduku cha kiberiti kilichojaa nusu uone. Sehemu ya pili inatoka kwa jiwe. Kimia cha ulanga kinaonekana kuwa na pande tatu zilizo sawa, ila ukikichunguza, upande mmoja umependelewa kidogo, upendeleo ambao molekuli moja peke yake hauisumbui. Umati ulipojaa, upendeleo huo mdogo uliongezeka nguvu hadi ukawa amri. Hakuna aliyeichora hatua hiyo ndani ya protini. Ilitoka kwenye mazungumzo ya jiwe, chumvi na msongamano.

Kisha wakaongeza viungo kwenye ncha. Protini zilizochorewa kushikana ncha kwa ncha zilijiunga kuwa waya wenye unene wa protini moja na urefu wa mikromita nzima. Nyingine, zilizochorewa kukutana tatu tatu, zilitandaza sega kama la nyuki. Umbali kati ya vyumba vya sega ungeweza kuchaguliwa kati ya nanomita 7.5 na 15.9, kwa hatua za 2.1, kwa kuongeza au kupunguza pingili. Mtu anayejua bei na ugumu wa kuchora mistari ya ukubwa huo juu ya vibapa vya silikoni ataelewa kwa nini wengi walisimama kusikiliza.

Kwa upande wa kinywe na ndugu zake, somo kubwa lilikuwa jingine, nalo linahusu namna mambo yanavyoanza. Anayejua kutengeneza mkeka wa ukindu ameshalielewa nusu. Mkeka hauanzi kama duara linalopanuka kutoka katikati. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba. Kisha ukili hushonwa ubavuni mwa ukili, safu baada ya safu, hadi mkeka upate upana.

Fuwele nyingi haziendi hivyo. Molekuli zinapoanza kukusanyika juu ya uso, kisiwa kidogo kina ukingo mkubwa ukilinganisha na tumbo lake, na kila molekuli ya ukingoni ina upande mmoja uliokosa jirani. Upungufu huo ni gharama. Kisiwa kidogo, kwa hiyo, kina uwezekano mkubwa wa kuyeyuka kuliko kukua. Ni mpaka kwa bahati kipite ukubwa fulani ndipo faida ya tumbo iishinde hasara ya ukingo. J. Willard Gibbs, mwanasayansi wa Marekani, aliieleza hesabu hii katika miaka ya 1870, na tangu hapo kila anayeotesha fuwele amelazimika kukivuka kizingiti hicho. Hesabu hiyo hiyo ina tundu. Safu moja iliyonyooka ina ncha mbili tu, iwe na molekuli tatu au elfu tatu. Gharama haiongezeki safu inaporefuka. Kizingiti hakipo.

Mwaka 2018 Jiajun Chen, De Yoreo na wenzao, pamoja na kundi la Yu Huang wa Los Angeles, walilionyesha tundu hilo kwa macho. Walitumia kipeptidi kifupi cha asidi amino 7, kilichochaguliwa kutoka kwenye mamilioni ya vingine kwa sababu kinaishika salfaidi ya molibdenamu, madini mengine ya matabaka yanayofanana na kinywe kwa ulaini. Vipeptidi vilijipanga kuwa safu, safu ikafuata mwelekeo wa atomu za jiwe, safu nyingine ikajitandika ubavuni mwake. Ukili baada ya ukili. Na kila safu ilianza mara tu wingi wa vipeptidi ndani ya maji uliporuhusu, bila kusubiri bahati ya kuvuka kizingiti. Kwa mtengenezaji jambo hili lina uzito mkubwa: kitu kinachoanza kwa bahati huanza hapa na kule kwa nyakati tofauti, na viraka vyake havikutani vizuri. Kisichosubiri bahati kinaweza kuongozwa.

Yote haya yameonekana kwa chombo kimoja zaidi ya vingine, hadubini ya nguvu za atomu, iliyovumbuliwa mwaka 1986 na Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber. Haitumii nuru. Ina sindano iliyochongoka sana inayopapasa uso kama asiyeona anavyopapasa maandishi ya nukta, na inaweza kupapasa ndani ya maji, protini zikiwa bado hai na zinajongea. Kundi la Toshio Ando huko Kanazawa liliiharakisha hadi ikapiga filamu. Mwaka 2010 lilionyesha miosini ikitembea kwa miguu miwili juu ya uzi wa aktini. Filamu hiyo ndiyo iliyonifanya niamini kwamba kizazi chetu kimepewa macho ambayo hakuna kizazi kilichotangulia kilichowahi kuwa nayo.

Lakini macho hayo yana upendeleo, na hapa ndipo lawama yangu kuu ilipo. Sindano inahitaji uso tambarare, kwa hiyo tunajua mengi kuhusu nyuzi juu ya ulanga na kinywe, na machache sana kuhusu nyuzi juu ya chuma chenye mikwaruzo, plastiki, au kioo. Silikoni ya kompyuta ikiachwa hewani hujifunika tabaka jembamba la oksaidi ambalo atomu zake hazina kimia chochote. Protini iliyochorwa kwa macho ya nanomita 0.52 haitakuta cha kushika hapo. Wapo wanaosema suluhisho ni kupanga nyuzi juu ya ulanga kisha kuzihamisha. Kuhamisha kunataka kukausha, na maji yanapoondoka, uso wake unaorudi nyuma huzikokota nyuzi na kuzikunja. Uzuri uliopigwa picha ndani ya maji mara nyingi haufiki kwenye kifaa kikavu. Sijaona jibu la jumla la tatizo hili, na ninatamani maabara zinazochapisha picha nzuri za ulanga ziweke kando yake picha ya silikoni, hata kama haipendezi.

Maji yenyewe ni mhusika wa tatu. Juu ya ulanga molekuli za maji hukaa kwa matabaka, na kila ioni huzivaa kwa namna yake: sodiamu huzikumbatia kwa nguvu kuliko potasiamu, na kwa hiyo hukaa vingine juu ya jiwe. Mwaka 2004 ilionekana kwamba kolajeni juu ya ulanga hutandaza tepe zenye michirizi yake ya nanomita 67 pale tu potasiamu inapokuwapo. Chumvi zote mbili ni za kawaida, zote zina chaji moja chanya, na mtu asiyejali angezibadilisha moja kwa nyingine bila kufikiri. Anayetaka kutengeneza nyenzo kwa njia hii anapaswa kuiandika chumvi kwenye mapishi yake kwa uangalifu ule ule anaoiandikia protini.

Sasa matumizi. Yaliyotangulia kutangazwa yalikuwa nyaya za umeme. Mwaka 2003 Thomas Scheibel, Susan Lindquist na wenzao walitumia protini ya hamira iitwayo Sup35, ambayo hujiunga kuwa nyuzi za amiloidi zenye unene wa nanomita 9 hadi 11. Wakazibandika chembe za dhahabu, kisha wakazifunika kwa dhahabu na madini ya fedha hadi zikapitisha umeme kama waya wa kawaida. Kazi safi kabisa. Ila waya uliopatikana ulikuwa na unene wa takriban nanomita 100, yaani mara kumi ya uzi ulioubeba, na wembamba uliokuwa sababu ya kuuchagua uzi ulizikwa chini ya metali. Mwaka huo huo Meital Reches na Ehud Gazit wa Tel Aviv walikwenda kinyume: walitumia mirija inayojiunda kwa kipeptidi cha asidi amino mbili tu, wakaijaza madini ya fedha kwa ndani, halafu wakaiyeyusha protini kwa kimeng'enya. Ukabaki waya wa nanomita 20 hivi. Wazo hilo la kuondoa kiunzi baada ya nyumba kusimama nitalirudia.

Wengine walitafuta nyuzi zinazopitisha umeme zenyewe, na bakteria aitwaye Geobacter alionekana kuwa nazo. Kwa miaka mingi ziliaminika kuwa vinyweleo vya protini moja. Mwaka 2019 picha za hadubini ya elektroni zilionyesha kwamba nyuzi zilizochunguzwa zilikuwa za protini nyingine kabisa, yenye madini ya chuma yaliyopangwa mkufuni ndani yake, na ubishi huo haujaisha. Mwaka 2020 Jun Yao na Derek Lovley wa Amherst walitangaza kwamba utando wa nyuzi za Geobacter wenye unene wa mikromita 7 ulitoa nusu volti kutoka kwenye unyevu wa hewa. Miaka mitatu baadaye kundi la Yao lenyewe likaonyesha kwamba nyenzo nyingi tofauti hufanya hivyo, mradi ziwe na vitundu vilivyo chini ya nanomita 100. Uzi uliopewa sifa ulikuwa mmoja tu kati ya nyenzo nyingi zinazoweza kuunda vitundu hivyo, na ni heshima kwa watafiti hao kwamba wao wenyewe ndio waliotuambia.

Sidhani kompyuta ndilo soko la nyuzi hizi, si kwa sasa. Mashine zinazochora silikoni kwa nuru ya nanomita 13.5 hufanya kazi mchana na usiku na hukosea kwa nadra sana. Protini zikiachwa zijipange huacha mipaka kati ya kiraka na kiraka, na kosa moja katika sakiti ni sakiti iliyokufa.

Kuna matumizi ambayo kosa moja halidhuru, kwa kuwa hayadai mpangilio. Yanadai wingi wa uso tu, na nyuzi nyembamba zina uso mkubwa ajabu kwa uzito mdogo. Haya ndiyo yaliyotangulia kufika. Raffaele Mezzenga na wenzake wa Zürich huchukua maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, huitoa protini yake, na kuipasha moto kwa nyuzijoto 90 katika asidi kali kwa saa kadhaa. Inajiunga kuwa amiloidi. Mwaka 2016 walionyesha kwamba utando wa nyuzi hizo pamoja na kaboni hunasa metali nzito kutoka kwenye maji. Mwaka 2024 waliitumia protini hiyo hiyo kuopoa dhahabu kutoka kwenye mbao 20 za kompyuta chakavu, wakapata kipande cha miligramu 450. Fundo, lile ambalo mhandisi wa nyaya analichukia, hapa ni mali.

Kati ya kazi za kundi hilo ipo moja iliyonigusa zaidi. Mwaka 2019 walizipamba nyuzi hizo kwa oksaidi ya zirkoniamu ili zinase floraidi. Watu wa Arusha na Meru hawahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Chemchemi na visima vingi vya Bonde la Ufa vina mara kadhaa ya kiwango hicho, na meno ya kahawia ya wazee na vijana ndiyo ushahidi. Huko Ngurdoto imefanyiwa kazi kwa miaka mingi njia ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo watu wanaweza kuitengeneza wenyewe. Utando wa Zürich utalazimika kupimwa dhidi ya mkaa huo, kwa bei, kwa uwezo wa kutengenezeka kijijini, na kwa namna uchafu utakavyoshughulikiwa ukishajaa, kabla haujaitwa suluhisho.

Na jino lenyewe ni mahali ambapo suala hili zima linakutana. Enameli, lile ganda gumu jeupe, hutengenezwa mtoto akiwa bado na meno ndani ya fizi. Seli humwaga protini iitwayo amelojenini, ambayo katika maabara hujipanga kuwa tepe zenye upana wa nanomita 17 hivi, na katika mazingira ya protini hiyo fuwele za madini ya kalsiamu hukua nyembamba, ndefu, zikiwa sambamba kama ukindu uliofungwa fungu. Ni aina ile ile ya mpangilio ambao Pyles na wenzake waliupata juu ya ulanga, isipokuwa kwamba hapa protini na jiwe vinapangana kwa pamoja, kila kimoja kikiwa uso wa mwenzake. Jinsi tepe na fuwele zinavyoelekezana bado inabishaniwa vikali.

Kisha mwili hufanya lile ambalo kiwandani bado ni gumu. Vimeng'enya viwili huja kwa zamu, huikata protini vipande vipande na kuiondoa, na fuwele hunenepa kuijaza nafasi iliyoachwa, hadi zaidi ya sehemu 95 kwa mia za uzito wa enameli ni madini matupu. Kiunzi huondoka chote, nyumba husimama. Kwa mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka hiyo, uondoaji huo huchelewa. Protini hubaki pale ambapo fuwele zilipaswa kunenepa, na jino huota likiwa na vitundu vidogo chini ya uso wake, ambavyo baadaye huingiwa na rangi.

Ukienda Usa River, huko huko Meru, ukamwona kijana anayecheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja, hicho anachokificha ni alama ya protini iliyokaa mahali pake siku chache kupita kiasi.